Jazzmaster ya Squier, RAT 2 na Roland JC-22: kelele za indie ndani ya chumba cha kupanga

Kabla hujauliza: ndiyo, sebene linapigika kwenye gitaa hili, na hapana, sikulinunua kwa kazi hiyo. Wikendi mimi ni mpiga rithimu wa bendi ya dansi: kumbi za harusi, send-off, na baa mojamoja ikipata sababu ya kusherehekea. Katikati ya wiki tunakutana watu watatu kwenye banda moja Kijitonyama, tunapiga muziki ambao hakuna bwana harusi atakayetulipa tuupige. Ni indie, roki ya bendi zilizojitegemea nje ya makampuni makubwa, ya Marekani na Uingereza ya miaka ya themanini na tisini: gitaa linalia juu ya gitaa, mwimbaji anaimba kivivu, dramu hazimbembelezi mtu. Kwa muziki huo nina vitu vitatu: gitaa la Squier J Mascis Jazzmaster, pedali ya ProCo RAT 2 (kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachochafua sauti) na amplifaya ya Roland JC-22.

Naviandikia kwa pamoja kwa sababu kimoja kinafunika udhaifu wa kingine, na kwa sababu nina neno la kusema kuhusu mpangilio mzima. Ukiwa unaishi huku kwetu, sauti hii itafute kwa amplifaya safi ya transista, na uchafu wote uutoe kwenye pedali. Wale wa YouTube wanaoapa kwamba bila amplifaya ya valvu, ile ya vichupa vya kioo, hujapiga gitaa wana umeme usioyumba na duka la valvu mtaa wa pili. Mimi sina hata kimoja.

Tuanze na gitaa, maana ndilo lenye maneno mengi.

Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walilitoa Jazzmaster mwaka 1958, na jina linakuambia walikuwa wakimtafuta nani. Wapiga jazz wenyewe hawakulitaka. Wengi walibaki na magitaa yao makubwa yenye uwazi ndani. Jazzmaster likachukuliwa na vijana wa California waliokuwa wakipiga surf, muziki wa magitaa wa vijana wa ufukweni, mwanzoni mwa miaka ya sitini, na surf ilipopita likabaki halina mwenyewe. Mwaka 1980 Fender wakaacha kulitengeneza. Hapo ndipo habari ya indie inapoingia, kwa sababu gitaa lisilotakiwa na mtu bei yake huporomoka, na kijana mwenye hela ya mawazo anaingia duka la vitu vilivyotumika anatoka nalo. J Mascis wa Dinosaur Jr, bendi iliyoanzia Amherst, Massachusetts, mwaka 1984, amesimulia kwamba alikuwa anatafuta Stratocaster, gitaa jingine la Fender, hela ikagoma, akachukua Jazzmaster. Huyu bwana alikuwa mpiga dramu kabla ya gitaa, na ukimsikiliza utaelewa: anataka gitaa limpige mtu kifuani. Thurston Moore na Lee Ranaldo wa Sonic Youth, New York, nao walikuwa nayo mengi, kila moja limetyuniwa kivyake. Robert Smith wa The Cure, Uingereza, alipopata lake alichukua pikapu (kile kipande cha sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi) ya gitaa lake la zamani la Top 20, gitaa la bei poa la maduka ya Woolworths, akaipachika kwenye hilo jipya. Kwa hiyo nikimwona mtu kanunua Jazzmaster la mamilioni kalitundika ukutani lisiguswe, huwa namsikitikia.

Langu ni la Squier, upande wa bei nafuu wa Fender. Toleo hili lenye jina la Mascis lilianza kuuzwa 2011, na linatengenezwa Indonesia. Rangi yake ni nyeupe iliyopoa, ile isiyoumiza macho, na sahani ya mbele ni alumini ya rangi ya dhahabu. Bodi ni mbao ya basswood. Shingo haikupakwa vanishi ya kung'aa, na hilo nalipa alama nyingi, kwa sababu jasho la Dar mnalijua: shingo ya kung'aa ikifika saa nne usiku inanata mkono mzima. Freti, zile pau za chuma za shingoni, ni nene na zimeinuka, kwa hiyo kuvuta uzi hakuhitaji nguvu. Kulishika tu, bila waya, ni gitaa zuri kuliko bei yake.

Pikapu zake si zile halisi za Jazzmaster. Za asili koili yake ni bapa na pana. Hizi zimejengwa kwa mtindo unaokaribia P-90, aina nyingine ya pikapu, chini ya kifuniko cha umbo lilelile. Zina nguvu zaidi, katikati kumejaa, na zinaisukuma RAT mapema. Anayetafuta mlio mwembamba wa surf atasikitika. Mimi sikuwa nautafuta.

Sasa nikupeleke kwenye daraja, maana hapo ndipo Jazzmaster linapopendwa au kuchukiwa. Kwenye magitaa mengi ya umeme uzi ukishavuka daraja unazama au unafungwa hapohapo. Kwenye hili unaendelea hewani kwa upana wa kiganja, ndipo uingie kwenye bati la tremolo, ule mtambo wenye mkono wa kuyumbisha sauti. Mteremko wake ni mdogo, kwa hiyo uzi haulikandamizi daraja sawasawa. Kwenye daraja la asili kila uzi umekalia kipande chenye mifereji mingi myembamba isiyo na kina, na ukipiga kwa hasira uzi unaruka mfereji, unaangukia wa jirani. Squier waliliona hilo wakaweka daraja la Adjusto-Matic, la mtindo ule uliozoeleka kwenye magitaa ya Gibson: kila uzi una mfereji wake mmoja, wa kina, na hauhami. Unachokosa ni kupandisha uzi mmoja mmoja. Unapandisha upande wa besi wote au upande wa nyuzi nyembamba wote. Kwa faida niliyopata, sijali.

Fundi wa duka moja la vyombo vya muziki, ambalo sitalitaja, alilipokea, akaligeuza, akaminya zile nyuzi za nyuma ya daraja, akaniambia: "Dada, hili walikosea kiwandani. Nyuzi zimebaki nje." Akashauri tuzibane kwa kitambaa zisilie. Nilimshukuru, nikachukua gitaa langu nikaondoka. Nyuzi hizo za nyuma ndizo nilizozilipia. Zigonge kwa kipande cha kupigia: zinatoa mlio wa juu, wa chuma, usiofuata noti yoyote uliyoifundishwa, na RAT ikiwa imewashwa mlio huo unafumuka kama sufuria za mama ntilie zikiporomoka kwenye sakafu ya saruji. Sonic Youth walitumia sehemu hiyo ya uzi kama ala nyingine ndani ya ala. Na hata usipozigusa, ukipiga noti fulani zinaamka zenyewe, kwa chini kabisa, nyuma ya noti. Ukizibana na kitambaa umelipotezea gitaa nusu ya tabia yake.

Ila linadai nyuzi nene, na hapa wengi wanalionea. Lilibuniwa enzi ambazo watu walikuwa wakifunga nyuzi nzito. Ukilifunga nyuzi za 09 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote), ambazo ndizo utakazopewa Kariakoo bila kuulizwa chochote, uzi hauna uzito wa kutulia kwenye daraja, na kila ukipiga E ya wazi unasikia kitu kinatetema kama kimelegea. Halafu unaandika mtandaoni kwamba Jazzmaster ni bovu. Funga za 11. Mimi huagiza pakiti kadhaa kwa mtu anayetoka Dubai, nazifungia kwenye mfuko wa nailoni na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwa sababu hewa ya huku ina chumvi na pakiti iliyofunguliwa haisubiri.

Dawa ya pili haina gharama. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za shingo, ichomoe taratibu. Chukua vocha ya simu ya kukwangua iliyokwisha, kata kipande kisichozidi upana wa kidole gumba, kilaze kwenye shimo la shingo upande ule ulio karibu na pikapu, kisha rudisha shingo ukaze. Shingo inaegemea nyuma kidogo tu, huwezi kuiona kwa macho. Ukifunga nyuzi utakuta ziko chini mno, kwa hiyo unalazimika kupandisha daraja, na daraja likipanda mteremko wa nyuzi kuelekea tremolo unakuwa mkali. Mtetemo unakwisha. Mafundi wa ng'ambo hutumia kadi ya biashara au kipande chembamba cha mbao. Vocha inafanya kazi ileile, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Mkono wa tremolo ni laini ajabu. Unaushusha, unaupandisha, na ukishafunga nyuzi nene gitaa linarudi kwenye tyuni bila kinyongo. Kevin Shields wa bendi ya My Bloody Valentine alifanya ujanja wa kuushika mkono huu moja kwa moja huku anapiga chodi, hauachii, hadi chodi nzima inayumba juu na chini. Albamu yao ya 1991 imejengwa juu ya mchezo huo. Niliufanya mazoezini, mpiga besi wetu akasimamisha wimbo akauliza kama tyuna yangu imeisha betri.

Upungufu mkubwa uko hapohapo. Jazzmaster la Fender lenyewe lina kitufe kwenye bati la tremolo cha kulifunga, ili uzi mmoja ukikatika wengine wasipande. Hili la Squier halina. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, zote zilizobaki zinapanda kwa pamoja, na hakuna chodi unayoweza kuishika ikaeleweka. Kwenye banda tunacheka. Harusini, bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi na keki haijakatwa, hakuna wa kucheka, ndiyo maana huko naenda na gitaa jingine la daraja lisilotikisika.

Juu, kwenye pembe, kuna swichi ndogo na vigurudumu viwili vilivyojificha kwenye ukingo wa sahani. Ukiisukuma unaingia njia ya pili ya umeme, yenye sauti nzito ya giza. Fender waliiweka ili mpiga jazz atoke kwenye solo aingie rithimu kwa kidole kimoja. Wapiga indie wengi huigusa kwa bahati mbaya kisha wanatafuta waya umekatikia wapi. Mimi nimeshusha volyumu ya njia hiyo hadi sifuri. Noti ndefu ikiwa inalia naisukuma swichi huku na huku, sauti inakatika na kurudi, inakatika na kurudi. Ni mchezo wa kitoto na siuachi.

Tuje kwenye RAT.

Ilianzia Kalamazoo, Michigan, mwaka 1978, kwa ProCo, watu wa waya za muziki. RAT 2 ni ileile iliyoongezwa taa ya kukuonyesha imewaka. Kisanduku cheusi cha chuma, nobu tatu, maandishi meupe, basi. Ikikuangukia mguuni wewe utakwenda hospitali, yenyewe itakwenda mazoezini.

Ndani kuna chipu moja inayoyakuza mawimbi ya gitaa kupita kiasi, halafu diodi mbili za silikoni zinafyeka kila kichwa kinachozidi kimo fulani. Mkwaruzo unaousikia ndio huko kufyekwa. Za zamani zilikuwa na chipu ya LM308, ambayo ni nzito kuitika. Mawimbi ya kasi inayachelewa, kwa hiyo ukali wa juu unajilainisha. Za siku hizi zina OP07, na kuna watu wamezeeka wakibishana juu ya tofauti hiyo. Tukiwa bandani, dramu zinapigwa, pedali ya rafiki yangu ya zamani na hii yangu mpya sikuweza kuzitenganisha. Usilipie chipu.

Nobu ya kwanza ni distosheni, yaani kiasi cha mkwaruzo. Ukiiweka robo, chodi bado inasikika noti kwa noti, ila imekasirika kidogo. Nusu ni mahali pa riffi, vile vipande vifupi vinavyorudiwa. Graham Coxon, mpiga gitaa wa bendi ya Blur, ni mtu wa RAT, na ukiiweka hapo na Jazzmaster utaelewa alichokuwa anakitafuta. Ikipita robo tatu noti zinaanza kukabana: ukipiga chodi kamili inakuwa tope, kwa hiyo piga noti ya msingi na ya tano tu, uache zilizobaki. Huko juu kabisa pedali inaanza kujilisha yenyewe. Simama karibu na spika, ligeuzie gitaa, noti haiishi mpaka uikate wewe.

Nobu ya kati ni filta, na kila mgeni inamchanganya kwa sababu inakwenda kinyume na matarajio: ukizungusha kulia sauti haichangamki, inaingia giza. Hiyo nobu ndiyo iliyonifanya niamini ndoa ya RAT na JC. Amplifaya ya Roland ina ukali wa juu usioficha kitu, na pedali nyingi za mkwaruzo zikiingia humo zinatoa mlio wa nyuki. RAT unaizungusha filta hadi theluthi mbili kulia, nyuki wanatulia, gitaa linabaki na mwili. Kwenye amplifaya ya valvu ningeiacha kushoto.

Mtu ataniambia Mascis mwenyewe ni mtu wa Big Muff, pedali ya mkwaruzo ya Electro-Harmonix ya New York, iliyoingizwa kwenye ukuta wa amplifaya za Marshall. Ni kweli. Nimeiazima, nikaipiga wiki kadhaa. Peke yako chumbani ni tamu, pana, inaendelea bila mwisho. Lakini imekatwa katikati: ina besi nyingi na ukali mwingi, na pale kati ambapo gitaa linaishi kuna shimo. Matoazi yakianza, gitaa linatoweka. Mascis ana Marshall tatu nyuma yake za kuziba shimo hilo. RAT imejaa kati, na kwa bendi ya watu watatu yenye gitaa moja hapo ndipo unapopahitaji.

Neno moja la umeme wa pedali, tafadhali lisome polepole. RAT inataka volti 9, na hasi iko katikati ya tundu. Angalia mchoro mdogo kando ya tundu: alama ya kutoa ndiyo iliyoelekezwa kwenye nukta ya kati. Adapta nyingi utakazouziwa mtaani, za ruta na za kamera za ulinzi, ni kinyume, chanya iko katikati. Muuzaji atakuambia "inaingia, si unaona inaingia?" Kuingia inaingia. Soma maandishi ya adapta yenyewe. Na hata ukipata yenye mpangilio sahihi, za bei ya chini huleta mluzi kwenye spika. Kwa pedali moja mimi natumia betri ya mraba ya volti 9, ileile ya maiki zisizo na waya, na kwa kuwa makanisa na MC wote wanazitumia hutakosa duka lenye nazo. Ukimaliza kupiga chomoa waya upande wa kuingilia. Waya ukibaki pedali inakula betri hata ikiwa imezimwa kwa mguu.

JC-22 ndiyo mtoto wa JC-120, amplifaya ambayo Roland waliitoa Japani mwaka 1975 na bado wanaitengeneza. Kubwa ina wati 120 na spika mbili za inchi 12, na kuibeba kunahitaji mtu wa pili na mshikamano. The Cure wameitumia miaka na miaka. Yangu ina wati 30, yaani 15 kila upande, na spika mbili za inchi 6.5. Naipanda nayo bajaji, naiweka mapajani, napokea na simu.

Kitu chake kikuu ni korasi, na si korasi ya kubandikwa. Ndani kuna amplifaya mbili kweli, kila moja na spika yake. Spika moja inapewa gitaa lilivyo. Ya pili inapewa gitaa lilelile lililocheleweshwa kidogo mno, na ucheleweshaji huo haukai mahali pamoja, unapanda na kushuka, kwa hiyo tyuni yake inapepea juu na chini ya ile ya kwanza. Hazichanganyiki ndani ya saketi; zinakutana hewani, mbele yako. Ndiyo maana ukisogeza kichwa hatua moja sauti inabadilika, na ndiyo maana rekodi ya simu haikuonyeshi kitu. Lazima uwe chumbani.

Mzee wetu wa solo wa bendi ya dansi alipita bandani siku moja kunidai nakala ya nyimbo mpya. Mzee huyu alianza kupiga kabla sijazaliwa na hana subira na mambo ya vijana. Akatusikiliza wimbo mmoja mikono nyuma. Ulipokwisha akasema, "Binti, hilo dude la chini lizime." Nikaizima RAT. Akalichukua Jazzmaster, akapapasa nobu za JC kama mtu anayeifahamu nyumba, akawasha korasi, akaingia na solo ya juu kabisa, freti ya kumi na mbili kwenda mbele, vidole vinatembea tu. Banda likanyamaza. Alipiga muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha akarudisha gitaa akaniuliza hiyo sanduku ni bei gani. Nilipomtajia akaguna, akaondoka bila nakala za nyimbo. Kwa anayepiga dansi au sebene, JC peke yake, bila pedali hata moja, inatosha na inazidi.

Ikiwa safi, ni safi kweli. Haikusaidii. Ukikosea noti utaisikia wewe, ataisikia jirani. Valvu ikisukumwa hukandamiza na kulainisha, inakufanya ujione fundi. Transista inakuambia ulichopiga. Kwangu hiyo ni faida, kwa sababu RAT inapowashwa inakuta uwanja mweupe na rangi yote ni yake.

Na ndipo ninaporudi kwenye hoja yangu ya umeme. Amplifaya ya valvu ina vichupa vya kioo vinavyochoka hata vikitunzwa, na vinafanya kazi kwa volti za juu zinazoweza kuua fundi asiyejua. Umeme ukishuka inapoteza pumzi, ukiruka inaumia, na siku kichupa kikifa utatafuta mtu wa kukubebea kingine kwenye begi, kifike hakijavunjika. JC haina hayo. Inawaka, inapiga, inazimwa. Nimeichomeka kwenye stabilaiza ya kawaida inayolinda friji, na umeme ukikatika katikati ya wimbo tunamalizia na dramu.

Ukiagiza, angalia inatoka wapi. Za Marekani ni za volti 120, na ukuta wetu ni 230. Usijaribu bahati, wala usinunue kigeuza umeme kizito kuliko amplifaya. Agiza ya Uingereza: volti zinalingana na plagi yake ni ileile ya pini tatu za mraba tunayotumia sisi. Lakini pini hiyo ndefu ya juu, ya ethi, haina maana kama ndani ya ukuta haikuunganishwa na kitu, na nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo. Utaisikia kama mngurumo unaokatika ukishika nyuzi. Utaijua zaidi siku utakapogusa maiki kwa mdomo huku umeshika gitaa ukapigwa shoti ya kukuonyesha nyota. Mwite fundi wa umeme wa nyumba, akupimie soketi, kabla ya kumlaumu fundi wa gitaa.

Kasoro za JC-22 hazifichiki. Spika za inchi 6.5 haziwezi kukupa besi ya kusukuma suruali; chodi nzito ya RAT inasikika yote lakini haiguswi. Na wati 30 za transista mbele ya mpiga dramu mwenye mikono mizito ni chache. Bandani tunamwomba dramu apunguze, naye anapunguza kwa dakika mbili. Jukwaani lazima iwekewe maiki mbele, tena maiki mbili kama unataka korasi ifike kwa watu, maana ukiweka maiki kwenye spika moja umechukua nusu ya hadithi. Mafundi mitambo wengi wa kumbi hawana muda huo. Anayepiga jukwaa kila wiki aende kwenye JC-40 yenye spika mbili za inchi 10, au akaze mshipi achukue 120 yenyewe.

Kwa matumizi ya nyumbani, tundu la hedifoni ndilo limenihifadhia chumba. Mama mwenye nyumba wangu ni mvumilivu, lakini alishawahi kugonga mlango kwa adabu zote: "Mwanangu, tamthilia yangu siisikii." Tangu hapo saa mbili usiku nachomeka hedifoni. Korasi ndani ya hedifoni inapoteza ule mkutano wa hewani, ila bado inazunguka kichwa.

Bei: kwa maduka ya Marekani gitaa linacheza kwenye dola 500 hivi, RAT ni kama dola 100, na JC haiko mbali sana na gitaa. Ongeza usafiri na ushuru, au soda ya anayekubebea. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, anza na amplifaya, na gitaa lolote ulilonalo, hata la Kichina la Kariakoo, litasikika kuliko ulivyolijua. Cha pili RAT. Jazzmaster likae mwisho, kwa sababu ndilo linalokutaka uwe na spana, vocha na nyuzi za 11 kabla halijakupa kitu. Na muulize muuzaji kama mfuko wa gitaa umo kwenye bei. Wa kwangu haukuwemo, na lilifika Dar limeviringishwa kwenye blanketi.